Barua ya Boke kuhusu Mbao

Darasa la saba walikuwa wamekaa juu ya matofali, daftari magotini, Katibu wa Kata alipoingia bila hodi. Mkononi alikuwa na barua. Mwalimu Wanzagi aliitambua mara moja, maana bahasha na stempu alizinunua yeye.

Wiki mbili nyuma, katika kipindi cha Siasa, aliwapa zoezi: kila mmoja amwandikie kiongozi shida moja ya kijiji. Ya binti mmoja, Boke Machage, ilikuwa nzuri mno. Naye, kwa ujinga wa mtu anayependa kazi yake, akaipeleka posta Musoma iende wilayani. Huko wakairudisha kwa yule yule aliyetajwa humo.

"Soma," Katibu alisema.

Wanzagi akasoma. Wazazi walichangia mbao themanini za madawati. Leo, mwaka 1984, mbao hizo ziko kwenye paa la nyumba ya Katibu. Wanafunzi wanaomba zirudishwe. Chini binti ameweka jina lake kamili, kama alivyofundishwa.

"Kumbe ndio uhujumu unafundishaga hapa?"

"Ndugu Katibu, zile mbao kila mtu anazionaga…"

"Nyamaza. Fomu za mtihani ziko mezani kwangu, hazijagongwa muhuri. Hili jina nalikata leo."

Miaka saba ya Boke ingeishia hapo, kwa mstari mmoja wa kalamu. Binti mwenyewe alisimama akatoa shikamoo. Hakujibiwa.

Wanzagi alimwonea Boke huruma na akajichukia, basi.

"Kosa ni langu, Ndugu Katibu. Mtoto msamehe."

"Wewe utapata uhamisho wako, usiwe na haraka. Sasa andika ubaoni ninavyosema. Wote wanakili."

Chaki ilikuwa imebaki kipande cha kushika kwa kucha. Wanzagi akaandika: Mbao za madawati hazikuibwa. Barua ya kwanza ilikuwa ya uongo. Raia mwema huwatii viongozi wake.

Boke aliusoma ubao, akamtazama mwalimu.

"Mwalimu, niandike hivyo hivyo?"

"Andika, mwanangu."

Akaandika. Alimaliza wa kwanza, kama siku zote. Kisha akaona Hyasinta, jirani yake asiyejua vizuri kuandika, amekwama kwenye mstari wa kwanza. Akasogeza tofali, akamshika mkono wenye kalamu, akauongoza herufi moja moja mpaka nukta.

Katibu alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli, la mtu aliyeridhika.

"Unaona, mwalimu? Huyu ndio raia sasa. Kumbe ukitaka unaweza kufundisha. Muhuri nitaufikiria."

"Asante, Ndugu Katibu," alisema Wanzagi.