Mtamba wa Shukrani

Mtu aliyeshuka kwenye pikipiki langoni mwa Naisenya Jumamosi ile hakujulikana na mbwa wala na watu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, koti jeupe la kidaktari amelikunja mkononi, na begani amening'iniza kisanduku cha barafu cha buluu. Mbwa walimbwekea wee, wakachoka. Yeye alisimama pale pale akitabasamu, akingoja kukaribishwa.

Naisenya alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba, mikono yote miwili ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Ndivyo alivyoanza kila siku kwa miaka sita sasa. Vidole vilivyowahi kushona shanga za maharusi wa nusu ya Kisaju vilikuwa vimevimba na kuanza kulalia upande mmoja, na asubuhi havikuweza hata kufunga kifungo. Hospitalini Kajiado walimwambia ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kuvila viungo vya mwenyewe. Wakampa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, kila Jumatatu, na tarehe za kupimwa damu.

"Takwenya, yeyo," mgeni alimwamkia mama kwa Kimaasai, akiinamisha kichwa kama mtoto mbele ya mzazi.

"Iko," Naisenya aliitikia salamu, akamgusa utosini kwa kiganja kinachodondosha maji.

Baadaye Seleyian, binti yake, alilikumbuka jambo hilo akasaga meno. Yule mtu alianza kwa kuinama.

"Mimi ni Daktari Oscar. Niko na kliniki hapo Kitengela. Akina mama wa kanisa wamenitajia mikono yako, nikasema, huyu mama sitamngoja aje. Nitamwendea."

Alikaa, akanywa chai, akasifu chai. Kisha akaeleza kwamba Ulaya wamegundua seli shina, chembe changa ambazo hazijaamua zitakuwa nini, na ukizidunga kwa mgonjwa zinaenda zenyewe mpaka pale palipoharibika na kupajenga upya. Naisenya alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia bintiye.

"Wewe umesoma. Hii kitu iko, ama ni hadithi?"

Seleyian alikuwa amesoma afya ya mifugo, akahitimu mwaka uliotangulia, na sasa alifanya kazi katika duka la dawa za mifugo pale Kisaju. Alikuwa amesoma pia, usiku mwingi kwenye simu, kila alichopata kuhusu ugonjwa wa mama yake. Na jina hilo, seli shina, alikuwa amekutana nalo. Moyo ulimruka.

"Iko, yeyo," alisema. "Wanaifanyia utafiti. Ni kitu cha kweli."

Akaieleza upya kwa Kimaasai, taratibu, kwa mifano ya ndama tumboni, tena vizuri kuliko Oscar mwenyewe. Mgeni alimtazama na kutikisa kichwa kwa furaha. Kazi yake ilikuwa imefanywa na mtoto wa nyumbani.

Naisenya alikubali kudungwa. Siku ya pili baada ya sindano aliamka akafungua kopo la sukari bila kumwita mtu. Siku ya nne alikamua mbuzi. Jumapili alipiga makofi kanisani hadi mchungaji akanyamaza kumtazama, na mama mmoja nyuma akasema, "Jameni, Naisenya atatuvunjia benchi!" Nyumbani alitoa kikapu cha shanga, akaingiza uzi kwenye tundu la sindano kwa jaribio la kwanza, akalia.

Oscar alikuja mara tatu zaidi. Hakutaka pesa, alisema. Pesa zingemfanya mfanyabiashara. Basi Naisenya akafanya anachofanya mtu wa heshima aliyerudishiwa mikono yake. Alimpa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe pajani, ng'ombe mzuri kuliko wote wanne aliokuwa nao, ambaye Seleyian mwenyewe alikuwa amempandisha kwa mrija wa mbegu za dume la Sahiwal, aina ya ng'ombe wenye maziwa mengi. Ilikuwa kazi yake ya kwanza baada ya kuhitimu, na mimba ilikuwa imeshika.

Kuanzia siku hiyo Naisenya na Oscar hawakuitana tena kwa majina. Waliopeana ng'ombe huitana *pakiteng*. Jina hilo linawafunga kama ndugu. Mtu hamshtaki pakiteng wake, wala hamdai alichompa.

Oscar alijua. Alikuwa amezaliwa na kulelewa kati ya Wamaasai. Alijua vizuri sana.

Mwezi wa tatu tangu sindano ya kwanza, uso wa Naisenya ulianza kuvimba na kuwa mviringo. Majirani wakasema amenawiri. Akawa anakunywa maji mtungi kwa mtungi. Kisha maumivu yakarudi, si mikononi tu bali kwenye magoti, mabega, hata taya. Oscar alipopigiwa simu alisema seli zinapigana, avumilie. Wiki iliyofuata simu ikawa haishikwi.

Seleyian aligundua akiwa kazini, mchana kweupe, akimhudumia mfugaji. Alikuwa amefungua mtungi wa naitrojeni, baridi kuliko barafu yoyote, wanamohifadhia mbegu za madume. Mvuke mweupe ukamwagika hadi sakafuni. Alichomoa mrija mmoja kwa koleo ndogo, akahesabu sekunde kimoyomoyo kama alivyofundishwa, kwa kuwa ukichelewa kidogo tu, uhai ulio ndani unakufa na ng'ombe hashiki mimba. Akasimama na koleo mkononi.

"Wee msichana, utaniulia dume!" mfugaji alifoka.

Alikuwa akifikiria kile kisanduku cha buluu. Oscar alisema seli zake zilitoka ng'ambo miezi mingi iliyopita. Zilikaa wapi miezi yote hiyo? Alikuwa ameviona vipande vyake vya barafu kwa macho yake, vimeyeyuka, chupa zinaelea kwenye maji vuguvugu kama soda za harusini. Na yeye, mwenye cheti, anayejua mbegu moja ya dume inavyolindwa, hakuuliza.

Jioni ile alipekua shimo la takataka nyuma ya nyumba hadi akapata chupa moja. Karatasi ya juu iliandikwa kwa herufi za dhahabu. Aliilowesha, akaibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, na picha ndogo ya kichwa cha ng'ombe. Ilikuwa dawa ya kutuliza uvimbe ya mifugo. Yeye mwenyewe huiuza. Ipo rafu ya pili kushoto, karibu na dawa ya minyoo.

Aliingia ndani na chupa.

"Yeyo, vidonge vyako vya Jumatatu viko wapi?"

Mama yake alitazama pembeni. "Aliniambia niwache. Alisema vinaua hizo chembe mpya."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Seleyian aliketi chini, akahesabu kwa vidole. Miezi mitatu! Ugonjwa ulikuwa umeachiwa lango wazi, na dawa ya ng'ombe imepakwa juu yake kama rangi kwenye ukuta uliooza.

"Huyo si daktari. Huyo ni mwizi. Kesho naenda kwake, na ng'ombe anarudi, na—"

"Hapana." Naisenya alisema kwa sauti ndogo. "Ng'ombe harudi."

"Amekudunga dawa ya ng'ombe!"

"Nimesikia. Si kiziwi, naumwa viungo. Sikiza. Yeye alinidanganya, hiyo ni yake. Mimi nilimpa ng'ombe kwa moyo, nikamwita kwa jina, mbele ya watu. Hiyo ni yangu. Ukimrudisha yule ng'ombe, mimi nimekuwa mtu wa kupokonya. Hata kile kitu kimoja chenye kilikuwa cha kweli katika hii mambo yote, kinakuwa uongo."

"Yeyo, anatumia hiyo heshima yako kama kichaka cha kujifichia!"

"Basi mtoe kichakani kwa njia ingine. Hospitali nitaenda. Chupa chukua, peleka popote, jina langu sema. Lakini ng'ombe usimguse. Niahidi."

Seleyian alitazama ile mikono ikilala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Akaahidi, kwa hasira, bila kumwangalia usoni.

Walipofika Kajiado kesho yake, alilazwa papo hapo. Ile dawa ya ng'ombe ilikuwa imempandisha sukari na presha. Daktari Nalianya, mwanamke mfupi asiyependa kurudia maneno, aliishika ile chupa mbele ya dirisha muda mrefu.

"Nimeshapata wanne kabla ya mama yako," alisema. "Wanne! Na hakuna hata mmoja anataka kusema aliyewadunga. Wote wanasema ni rafiki."

"Ni mimi nilimwambia iko kweli," Seleyian alisema. "Nilisoma. Seli shina."

"Na hukusoma uongo. Kuna mahali wanajaribu, kwa wagonjwa wachache, kwa ruhusa, na wanaandika kila kitu, hata mabaya. Bado hawajathibitisha kwamba inatibu. Siku wakithibitisha, nitampigia mama yako simu mimi mwenyewe. Lakini haitakuja na pikipiki." Alimrudishia chupa. "Mtu ambaye ameumwa miaka sita akitumaini, hajafanya kosa. Kosa ni la aliyeliona hilo tumaini akaona soko. Andika ripoti. Hapa mjini kuna ofisi ya kusimamia dawa. Mimi nitatia sahihi upande wangu."

Kabla ya kuandika, Seleyian alitaka kumwona Oscar uso kwa uso. Huenda halikuwa jambo la busara.

Kliniki ilikuwa chumba cha ghorofani Kitengela, juu ya duka la magodoro. Watu sita walingoja kwenye viti vya plastiki, mikono mapajani, na Seleyian aliitambua mikono yote. Karibu na mlango aliketi mama mmoja aliyejitambulisha kuwa Wamaitha, muuza mboga sokoni.

"Wewe pia umeletwa na magoti?" aliuliza. "Usiogope, mami. Huyu kijana ni malaika. Hata nimemletea sukuma."

"Vidonge vya hospitali unameza?"

"Aii, hizo alinikataza."

Seleyian alisimama katikati ya chumba, akainua chupa, akasema ni nini kilichomo, ni nani aliyedungwa, na amelazwa wapi. Akamwonyesha kila mmoja picha ya kichwa cha ng'ombe. Wamaitha aliitazama, akajishika mkono pale alipokuwa amedungwa, akanyanyua mfuko wake wa sukuma, akaondoka. Wawili walimfuata. Mzee mmoja alibaki amekaa, akasema, "Lakini mimi nililala usingizi, msichana. Mara ya kwanza kwa mwaka."

Oscar alitoka nyuma ya pazia, akamvuta Seleyian hadi kwenye ngazi.

"Unaniharibia jina kwa nini? Mimi nilimlipisha mama yako? Toa risiti. Hakuna! Nilipewa zawadi. Mama yako ni pakiteng wangu."

"Usimwite hivyo."

"Ni yeye alianza." Akashusha sauti, akageuka laini kama siku ile ya chai. "Dada, tusifike mbali. Kama ni ng'ombe, chukueni ng'ombe wenu. Yuko tu hapo Kisaju kwa kaka yangu. Tunamaliza kinyumbani, hiyo chupa unatupa. Sawa?"

Seleyian aliitia chupa mkobani, akashuka ngazi.

Kesho yake asubuhi, alipotoka nyumbani kwenda Kajiado na chupa na fomu mkobani, mtamba mwekundu alikuwa amefungwa langoni. Aliyemleta hakungoja. Tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana. Ng'ombe alimtambua, akamnusa begani.

Soipan, jirani yao, alikuwa ameshafika na leso yake kiunoni.

"Mungu ni nani! Ingiza ng'ombe, unangoja nini?"

"Si wetu, shangazi."

"Si wenu? Hilo baka si lenu? Hiyo mimba si wewe uliweka kwa mkono wako?"

"Nilimwahidi yeyo."

"Yeyo yuko hospitali! Atarudi apate maziwa boma, atakataa? We Seleyian, umesoma mpaka ukapitiliza?"

Seleyian aligusa lile tumbo. Ndama wa Sahiwal, maziwa ya miaka, dawa za mama yake bila kumpigia mtu magoti. Alijua pia bei yake: ng'ombe akishaingia boma hili, Oscar atasema wamepatana, na wazee watasema mambo yameisha kinyumbani, na wale watu wa viti vya plastiki watarudi kuketi. Lakini hata bila hayo yote, alikuwa ameahidi. Alimkasirikia mama yake kwa ahadi hiyo, akamkasirikia Oscar mara kumi zaidi, na machozi yakimtoka akafungua kamba langoni, akaishika.

"Unaenda wapi na yeye?" Soipan alilia.

"Kumrudisha kwa mwenyewe."

Alitembea kando ya barabara ya Namanga, malori yakimpulizia vumbi, mtamba nyuma yake akisimama kila penye jani. Jua lilikuwa juu walipofika Kisaju. Kaka yake Oscar hakuwepo, au alijificha. Seleyian alimfunga ng'ombe kwenye mti wa miiba uani kwake, fundo la kubana, akamtafutia karai, akalijaza maji kwenye bomba la jirani, akangoja hadi alipokunywa yote.

Kisha akajifuta mikono kwenye sketi, akavuka barabara, chupa na fomu bado mkobani, akasimama upande wa magari yanayoelekea Kajiado.