Kizibo cha Gunzi

Bertilla alikuwa na vibuyu viwili vya mche mmoja, vimefanana kama mapacha, na alivitofautisha kwa vizibo tu. Cha maji alikiziba kwa gunzi la mahindi. Cha togwa ya ulezi alikiziba kwa nyasi zilizosokotwa, maana togwa inapumua. Ukiikaza kwa gunzi itakupasulia kibuyu.

Siku lori lilipokuja kuwahamishia kijiji cha ujamaa, alivipakia vyote kwa mikono yake. Maji yalikuwa ya njiani, togwa ilikuwa ya Cornelia, mkwe wake, aliyejifungua wiki iliyopita. Mtoto alikuwa wa kiume, mwembamba, mwenye kilio cha chinichini kama mtu anayeomba radhi. Jumapili angebatizwa misheni, na jina lilikuwa tayari: Beda. Bertilla alimwomba kijana wa mgambo wangoje Jumapili ipite. Kijana akamjibu, wala si kwa ubaya, kwamba lori halina Jumapili. Nyuma yake nyasi za paa zilikuwa zimeshavutwa chini. Matuta aliyofukia majani tangu masika, yaoze yapate kupandwa ulezi, yakabaki pale yakiota jua.

Upepo wa kiangazi wa Ufipa unapasua midomo hata ya mtu mzima. Lori lilirukaruka, vumbi likawafunika watu na mbuzi sawasawa. Mtoto akaacha kunyonya. Baadaye akaacha kulia. Cornelia akamfunua, akamtazama, akasema taratibu, "Mama, anakwenda."

Kwao Wakatoliki hata mama wa shamba anaruhusiwa kumbatiza anayekufa, mradi awe na maji na maneno. Bertilla alilijua hilo tangu mafundisho ya kipaimara. Akapapasa nyuma yake kati ya mizigo, mkono ukagusa gunzi. Akalichomoa. Macho yake hayakutoka kifuani pa mtoto. Akammwagia kichwani mara tatu, "Beda, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mtoto akashusha pumzi, hakuipandisha tena.

Akampangusa kwa pindo la kitenge, na kwa pindo lilelile akajifuta midomo yake iliyopasuka. Ikamwasha. Akalamba, akasikia uchachu.

Silvana, jirani aliyeketi nyuma yake, alipoulizwa akasema vizibo vilichomoka lori liliporuka kwenye korongo, naye akavirudishia tu vibuyu visije vikamwagika. Kibuyu cha maji kilikuwa ubavuni pa Bertilla, kimezibwa kwa nyasi, kimejaa.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi na kamba. Kanisa bado, lakini katekista Adriano alikuwa amekwisha kuzungushia miti eneo la kuzikia waliobatizwa. Wasiobatizwa walizikwa nje ya uzio, bila msalaba. Baada ya salamu ya Tumsifu Yesu Kristo na pole, akauliza kama mtoto alipata ubatizo.

"Amepata," Cornelia akasema. "Mama alimbatiza. Mwambie, mama."

Bertilla akamtazama mkwe wake, maziwa yamelowesha nguo yake kifuani. Neno moja tu, na Beda angelala ndani ya uzio. Nani angejua? Silvana alikuwa ameinamisha kichwa. Bertilla akafikiri: Mungu alikuwemo lorini. Aliona vizibo. Kama neema yake inahitaji uongo wangu ili imfikie mtoto huyu, basi tangu utoto wangu nimekuwa nikimwomba nani?

"Nilidhani ni maji," akasema. "Ilikuwa togwa."

Adriano akautazama uzio. Halafu akasema yeye ni katekista tu, hana mamlaka ya kugeuza sheria, padre akipita ataulizwa. Wakachimba nje ya uzio. Cornelia hakulia wala hakumgeukia mkwewe. Alisema jambo moja tu, akiangalia udongo: "Ungenyamaza, mama. Ungenyamaza tu."

Bertilla akapiga magoti kando ya kaburi. Walipoanza Baba Yetu alifika kwenye "utakalo lifanyike", ulimi ukagoma. Wenzake wakamtangulia, wakafika kwenye mkate, wakafika amina. Akabaki amepiga magoti peke yake, upepo ukimrushia mchanga wa kaburi usoni. Hakuyaelewa matakwa hayo, na alijua hatayaelewa hata akizeeka mara mbili. Lakini mtoto hakuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa mikononi mwa Mungu huyo huyo. Akalisema neno lile, polepole, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Aliporudi alimkuta Cornelia ameketi chini kati ya vigingi, hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Bertilla akachukua kibuyu cha togwa, akamimina kidogo kiganjani, akaonja kwanza. Akakiweka karibu na goti la Cornelia.

Cornelia alikitazama mpaka kivuli cha vigingi kikarefuka. Mwishowe akakiinua kwa mikono miwili, akanywa, machozi yakimtiririkia humo humo. Hakumwambia mkwewe neno, siku ile wala ya pili yake.

Bertilla akaokota gunzi, akalitupa mbali, akaanza kukisokotea kibuyu cha togwa kizibo kipya cha nyasi.