Mtaa Uliozunguka Kinyume

Kompresa ya chumba cha baridi ilinguruma kama debe lililojaa kokoto, na wifi yake Mama Pima, mwenye biashara ya aiskrimu, alikuwa ameshampata mkosaji kabla fundi huyo hajatua begi lake chini.

“Jana umeigusa, leo imeharibika,” alisema. “Mimi sikusomea umeme, wifi, lakini kuhesabu mpaka moja najua.”

Mama Pima akatoa vipimo vyake. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu hata chai aliyoambiwa ni ya moto alikuwa haiamini mpaka aichovye kidole. Jana, ni kweli, alibadilisha kontakta, ile swichi kubwa inayoipelekea mota umeme wa nyaya tatu. Leo mota ilizunguka, lakini chumba hakikupoa. Mle ndani mlikuwa na ndoo mia mbili za aiskrimu, na shule iliyoziagiza ingekuja kuzichukua saa nane mchana. Kipimajoto cha mlangoni kilitakiwa kisome kumi na nane chini ya sifuri. Kilisoma kumi na tatu.

“Ikiyeyuka tutabaki ndugu,” wifi aliendelea. “Kaka yangu alikuoa, siwezi kukurudisha kwenu. Lakini kazi ya hapa nampa Nyundo.”

Nyundo alikuwa fundi wa mtaa huohuo, mwepesi wa mikono na mzito wa masikio. Mama Pima aliitunza mashine hii miaka kumi na moja, akiijua kwa mlio kama mtu anavyomjua mwanawe kwa kikohozi. Kuikabidhi kwa Nyundo kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Akapima. Umeme kati ya kila nyaya mbili ulikuwa volti mia nne, haukupungua popote. Akaubana waya mmoja mmoja kwa kipimo cha mkondo: ampea tisa, wakati jana zilikuwa kumi na sita. Mota inayokula kidogo namna hiyo haifanyi kazi, inajifanya inafanya. Kisha akatazama geji mbili za gesi, ya kuingia na ya kutoka. Zote mbili zilisoma namba ileile, kama watu wawili walionuniana na kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Hapo akajua. Kompresa ilikuwa inazunguka kinyume, na kompresa ya aina hii ikizunguka kinyume haisukumi gesi, inaikoroga tu. Akaizima haraka isije ikajimaliza.

Sasa, mota ya nyaya tatu haigeuki kinyume kwa ukaidi. Ni lazima nyaya mbili ziwe zimebadilishana mahali. Na jana ni nani aliyeshika nyaya? Akafungua kisanduku cha kontakta: tepu nyekundu, njano na buluu zilikuwa palepale alipoziacha. Lakini tepu hizo alizifunga mwenyewe, na mshitakiwa hawi shahidi wake. Akatoa chombo kidogo chenye mshale, kinachoonyesha umeme unazungukia upande gani, akaenda kukishika kwenye swichi kuu, pale umeme wa mtaani unapoingilia, mahali ambapo jana hakupagusa hata kwa kivuli chake.

Mshale ukaenda kushoto.

Akapima tena. Kushoto. Mama Pima akaanza kucheka peke yake.

“Umeshikwa na umeme?” wifi aliuliza.

“Kosa limeingia na umeme wenyewe, wifi. Twende nje.”

Nje, mwoka mikate alikuwa amesimama mlangoni kwake mweupe kuanzia nywele hadi ndara, macho tu ndiyo yaliyobaki ya rangi yake. Feni yake kubwa, ambayo siku zote hutoa joto nje, asubuhi hii ilivuta upepo wa barabarani na kuupuliza juu ya meza ya unga. Donge la unga nalo lilikuwa limepanda mkono wa mashine ya kukandia, likaning’inia ukingoni kama mtu anayetoroka kwa dirisha. Jirani yake seremala alikuwa ameuzima msumeno wake na kukaa mbali nao.

“Umeninyang’anya ubao,” alisema. “Mimi nausukuma ubao, wenyewe unauchukua na kwenda nao.”

Kinyozi peke yake, ambaye mashine yake hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani, aliendelea kunyoa bila habari.

“Mtaa mzima?” wifi aliuliza.

“Mtaa mzima. Alfajiri watu wa umeme si walibadilisha nyaya pale nguzoni? Wamezirudisha mbili zikiwa zimebadilishana mahali.”

Mama Pima akawapigia simu watu wa umeme, akawasomea vipimo kimoja kimoja. Msimamizi wao alikohoa, akasema wanarudi baada ya nusu saa kuzigeuza palepale nguzoni.

Lakini Nyundo alikuwa ameshapata habari. Alikuja mbio na bisibisi mdomoni, akageuza nyaya mbili kwa mwoka mikate, mbili kwa seremala. Feni ikapuliza nje, msumeno ukatulia, watu wakampigia makofi. Akavuka barabara.

“Mama Pima, nipishe. Dakika tatu tu.”

“Ukigeuza hapa, na wao wakageuza kule, umegeuza mara mbili,” alisema Mama Pima.

“Watu wa umeme na nusu saa yao? Watakuja wajukuu wao.”

Mama Pima akaifunga swichi kwa kufuli lake jekundu, akautia ufunguo ndani ya kilemba chake.

“Wifi, lete ufunguo,” alisema wifi kwa sauti ya chini. “Wenzetu wanafanya kazi.”

“Mlango ukifungwa, chumba hiki hupanda nyuzijoto moja kila dakika ishirini. Nilipima mwaka jana. Aiskrimu yako inavumilia mpaka kumi chini ya sifuri. Tuna saa nzima.”

Wifi alimtazama yeye, akatazama kipimajoto, akatazama kilemba. Kisha akaenda kuegemeza mgongo kwenye mlango wa chumba cha baridi, mikono ameitanua.

“Atakayefungua huu,” alimwambia Nyundo, “atazikwa na ndoo.”

Gari la watu wa umeme lilifika baada ya dakika ishirini na tano. Wakapanda nguzo, umeme ukakatika, ukarudi. Mara yowe likatoka kwa mwoka mikate, likifuatwa na wingu, na kutoka winguni akatoka mwoka mikate kwa mara ya pili, na nyuma yake Nyundo, wamefanana kama mapacha.

Wifi alicheka hadi akateleza mlangoni taratibu na kukaa sakafuni. Mama Pima naye alicheka, lakini alipima kwanza. Mshale ukaenda kulia. Akachomoa ufunguo kilembani, akafungua, akawasha. Kompresa ikavuma kwa sauti ileile aliyoizoea. Ampea kumi na sita. Sindano za geji zikaachana, moja juu, moja chini.

Nyundo akaja akipangusa kope.

“Dada, niazime hicho chenye mshale.”

Wifi alijibu kabla ya Mama Pima, bado yuko sakafuni. “Kina mwenyewe. Na mwenyewe ana kazi hapa, kaka. Panga foleni.”

Kipimajoto kilikuwa kimefika kumi na moja. Kikasita, kikaanza kurudi chini: kumi na mbili.