Makala Inayotajwa Sana

Binti yangu tulimwita Profesa tangu hajang'oa meno ya utotoni, kwa sababu alivaa miwani ya marehemu baba yake na kutembea nayo akigonga kuta. Cheo chenyewe kikawa ukuta wa mwisho. Kazi yake ni vinasaba vya bakteria, yaani anachungulia vijidudu visivyoonekana vinarithishana nini. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini najua ukoo wowote una siri, hata wa bakteria.

Huko chuoni kwao mtu hapimwi kwa anachojua, anapimwa kwa kutajwa. Mwenzako akiandika makala akaitaja yako, unahesabiwa.

"Mwanangu, huo si umbea tu wenye digrii?" nilimuuliza siku moja.

Akacheka. Enzi hizo alikuwa bado anacheka.

Makala yake moja ya ujanani ilitajwa kuliko zote. Ilihusu bakteria wa vidonda aliyejifunza kuishi ndani ya dawa. Alimhifadhi kwenye friza la maabara, na maabara za mbali zikiomba mbegu yake, anazipelekea. Kwa makala hiyo kikao cha chuo kilikuwa kikae wiki inayofuata, kimpe uprofesa kabla hajastaafu. Mimi nilikwisha shona gauni. La zambarau, na mkanda wake.

Jioni moja akarudi, akakaa kwenye kochi na viatu vyake, mkoba bado begani.

"Mama, si yeye."

"Nani si yeye?"

"Bakteria wangu. Tumepata mashine mpya ya kusoma vinasaba, nikampitisha kwa kujaribu tu. Si yule niliyemwandika. Ni mwingine, wa kawaida kabisa, yuko hata kwenye karo letu la vyombo. Aliingia kwenye chupa siku za mwanzo, kabla sijapima chochote, akammaliza mwenyeji, akarithi chupa."

"Kama mke wa pili wa mjomba wako."

Hakucheka.

Kesho yake akaja mkuu wa idara, mwanamume ambaye tumbo lake hutangulia kubisha hodi. Nikamwandalia chai.

"Mama, zungumza na bintiyo," akaniambia. "Kikao kwanza, masahihisho baadaye. Kosa lenyewe halina miguu, litakimbilia wapi?"

Nami, kwa mapenzi ya gauni, nikamuunga mkono. "Nyamaza wiki moja tu, mwanangu. Kitu kimekaa kwenye friza miaka yote hiyo, kitaozaje kwa wiki?"

"La kuvunda halina ubani, mama." Akavua miwani, akajifikicha macho. "Kuna mwanafunzi huko mbali, sijawahi kumwona. Anatumia bakteria wa kweli, wa kidondani, si huyu wa friza langu. Miaka sasa anarudia kazi yangu, inamkatalia. Juzi kaniandikia nimwelekeze anakosea wapi. Anadhani mikono yake ndiyo mibovu. Anataka kuacha masomo."

Mkuu wa idara akakoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Mwanafunzi mmoja," akasema.

"Ndiyo. Mmoja."

Nilikuwa na neno. Nikaviangalia viatu vya binti yangu, vilivyolika upande kwa kusimama mbele ya meza za maabara, neno likarudi lilikotoka.

Mgeni hajamaliza kikombe, Profesa wangu alikwisha mwandikia yule mwanafunzi. Halafu akawaandikia wenye jarida waiondoe makala. Kikao kikakaa, kikasema asubiri. Kumwambia asubiri mtu anayestaafu mwakani ni kumwambia hapana kwa adabu.

Mwanafunzi akajibu kwa mstari mmoja tu: "Basi narudi maabara."

Wiki iliyopita binti yangu akafungua kompyuta, akaniita. Makala ilikuwa imepigwa mhuri mwekundu toka juu hadi chini, IMEONDOLEWA, hata mimi bila miwani niliuona.

"Wameitaja tena, mama. Wengi kuliko mwaka jana."

"Na huo mhuri je?"

"Hawasomi. Wanataja tu."

"Si nilikwambia? Umbea."

Akacheka, kidogo, kama mtu anayetua mzigo bila kujua auweke wapi. Akalala palepale kwenye kochi. Nikamvua viatu.

Gauni lile nimelivaa jana kwenda kununua vitunguu, lisije likaliwa na nondo bure. Jirani akanisimamisha njiani.

"Makubwa! Sherehe ya nani? Au Profesa kakipata cheo?"

"Anatajwa, mwenzangu," nikamjibu. "Anatajwa mno."