Fundo la Mwisho

Kamba ilikuwa imelala juu ya meza yangu ya kukatia tangu saa nane mchana, imejikunja kama kitu kinachosinzia, na hadi jua lilipohamia upande wa pili wa barabara nilikuwa bado sijaigusa.

Haikuwa kitu kigeni. Watu wa mbali hututumia kamba. Mtu aliye machimboni upande wa Wamaza, siku nzima kwa pikipiki barabara ikiwa kavu, haji Kasongo kupimwa bega. Mwenzake huchomoa uzi wa gunia, humpima, hufunga fundo pale kila kipimo kinapoishia, kisha humkabidhi msafiri. Ukiunyoosha uzi huo unamsoma mtu: fundo la kwanza mabega, la pili mkono, la tatu urefu wa koti, la nne kiuno, la tano kifua. Mafundo matano yanatosha. Nimeshona makoti ya wanaume ambao sijawahi kuona nyuso zao, na wakaja baadaye kunishukuru kana kwamba tumelelewa nyumba moja.

Aliyeileta aliitwa Tambwe, mkono wa kulia wa Patron, yaani tajiri mwenye mashimo ya dhahabu. Alikuwa mpole, mwenye kucha safi. Alivua kofia kabla ya kuingia.

"Veste moja," alisema, yaani koti. "Ya mutu wetu wa kazi. Patron anapenda watu yake wavae muzuri."

Faradji, mwenye boutique, aliruka kutoka kwenye kiti chake. Ndiye aliyeanzisha jina letu hapa mjini. Hakutaka kamwe kuuza nguo za marobota kama wengine. Kila koti lilikatwa ndani ya chumba chetu, na ndani ya ukosi tulitia mshono mmoja wa uzi mwekundu. Vijana wa Kasongo walipokutana Jumapili baada ya misa, au siku ya Idi nje ya msikiti, waligeuziana ukosi kuonyeshana uzi huo.

"Anataka rangi gani?" Faradji aliuliza.

"Nyeusi. Yeye hachagui."

"Mwanaume hachagui rangi! Huyo iko mugonjwa."

Tambwe alitabasamu. "Hapana, Papa. Iko muzima." Akavaa kofia yake. "Nitaipitia Ijumaa. Na kamba mnirudishie, tafadhali. Iko na kazi ingine."

Alipoondoka, Faradji alisimama mlangoni akitazama duka la Josué ng'ambo ya barabara, mshindani wake wa miaka mingi. "Cadette, mudogo wangu, umesikia? Koti ya tatu ya Patron mwaka huu! Leo Josué atakunywa maji bila kiu."

Mimi nilikuwa nikifikiri juu ya yale mawili ya kwanza. Yote mawili nilikuwa nimeyaona tena. Lile la kijivu nililiona kanisani, ndani ya jeneza, juu ya kifua cha mchimbaji aliyesemekana kufukiwa na shimo. Lile la buluu hivyo hivyo, mwezi uliofuata. Watu walimsifu Patron, kwamba anawazika watu wake kama mabwana harusi. Nami siku ile, Mungu anisamehe, nilikuwa nimesimama mstari wa nyuma nikitazama kama mikono ya koti imekaa vizuri.

Niliinyoosha kamba kando ya rula ya mbao.

Fundo la kwanza, arobaini na sita. Kisha mafundo mawili yaliyokaribiana, na kati yake nafasi ya vidole viwili. Nikasimama. Hakuna anayetuma kipimo cha mikono yote miwili. Mikono ya binadamu ni sawa, au tunajifanya kwamba ni sawa, na fundi hupima mmoja tu. Aliyempima mtu huyu aliona kwamba mkono mmoja unafika chini zaidi kwa sababu bega lake limeshuka, naye akawa mwangalifu.

Ninalijua bega moja tu lililoshuka kwa vidole viwili. Clovis, kaka yangu, alikuwa na miaka kumi na sita alipokuwa akisukuma baiskeli yenye madumu ya mafuta ya mawese kwenye mlima wa njia ya Kabambare. Baiskeli ikamrudia. Mfupa ulijiunga vibaya kwa sababu hakukubali kupumzika; mafuta yale ndiyo yaliyokuwa yakinisomesha ukataji wa nguo kule Kindu. Shati la kwanza nililoshona maishani lilikuwa lake. Nilishusha bega la kushoto bila kumwambia, naye alipolivaa alijitazama muda mrefu kwenye kioo cha mama, akasema, "Sasa niko sawa kama watu."

Nikasoma yaliyobaki, nikitumaini nambari moja tu ikatae. Urefu wa koti, kiuno, kifua. Zote zilikuwa zake.

Baada ya kifua kamba iliendelea. Iliendelea hadi ikapita mwisho wa rula, ikapita ukingo wa meza, na karibu kabisa na ncha yake kulikuwa na fundo moja zaidi, kubwa, lililokazwa mara mbili. Niliisimamisha kamba ukutani nikapima. Mita moja na sentimita sabini na mbili. Utosi hadi kisigino.

Koti halihitaji kipimo hicho. Nimekaa miaka minne kwenye meza hii na sijawahi kukiandika. Anayekihitaji ni seremala.

Nilikaa chini. Uzi ulikuwa na harufu ya udongo mbichi, na akilini nilimwona aliyeushika, akiwa amepiga magoti gizani kando ya mkeka, akiunyoosha juu ya mwili wa kaka yangu taratibu asimwamshe. Nilijua pia kwa nini. Mwezi uliopita Clovis alikuja nyumbani akiwa na maneno machache kuliko kawaida. Shimo lilikuwa limeporomoka, watu watatu wakiwa ndani, na Patron akaamuru lijazwe siku ile ile kazi isisimame. "Nitaenda kuonyesha familia zao pale walipo," alimwambia mama. Mama, ambaye mtaani huitwa Mama Mathilde, alimwomba asizungumze kwa sauti.

Simu ya Clovis haikupatikana. Nilipiga hadi mkono ukachoka.

Usiku wote nilipanga maneno ya kumwambia Faradji, na Jumatano asubuhi nilikuwa nayo yote mdomoni. Mimi ni mtu ambaye darasani alijua jibu na akangoja mwingine alitaje.

"Ya Faradji," nilisema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "ile kamba…"

"Iko na nini?"

"Iko murefu."

"Basi mutu murefu! Koti refu inatutangaza vizuri." Alikuwa akipiga brashi viatu vyake vya ngozi, akiimba. Maneno yangu yalirudi chini yalikotoka.

Nilimkimbilia Dieudonnée, mwanamke jirani anayepeleka chumvi na sabuni machimboni. Pikipiki yake ilikuwa imeshawashwa.

"Umwambie Clovis mama anaumwa sana. Aje mara moja."

Alinitazama juu ya gunia. "Mama Mathilde? Si nimemuona sasa hivi anatwanga majani ya sombe?"

"Umwambie tu, dada. Umwambie wewe mwenyewe."

Alikaza gunia, akaondoka. Nilibaki barabarani hadi vumbi lake likatua.

Kisha nilifanya jambo la kipumbavu. Nilifungua mafundo. Niliyafungua yote kwa sindano, moja baada ya jingine, hadi uzi ukawa uzi tu, na kila fundo lilipoachia nilihisi kwamba Clovis anavuta pumzi. Lakini Tambwe angeitaka kamba yake, na kamba tupu ingenitaja. Ilibidi nifunge mengine. Sikufikiria mtu yeyote. Hilo ningeapa hata mbele ya altare ya kanisa. Niliacha vidole vichague, upande huu kidogo, upande ule kidogo, hadi fundo la mwisho kabisa, nikalikaza mara mbili. Nilikata kitambaa cheusi kwa kuifuata kamba mpya. Nilishona Jumatano hiyo hadi usiku na Alhamisi yote, na kwa mara ya kwanza mikono ya koti ilitoka sawa.

Ijumaa Faradji alirudi kutoka msikitini akiwa na kanzu nyeupe, akaliona koti kwenye kiango. Alifunga macho kidogo kama mtu aliyenusa chakula. Akalivaa.

Lilimkaa. Halikumkaa kama koti la mtu mwingine linavyoweza kumkaa mtu kwa bahati. Mabega yaliishia pale yake yanapoishia. Ukosi ulimkumbatia shingo. Mikono ilifika kwenye mfupa wa kifundo cha mkono na kutulia hapo.

"Cadette!" Alijigeuza mbele ya kioo. "Umenishonea mimi?"

Ndipo nilipoelewa. Kila koti la dirishani hukatwa juu ya mwili wake. Ndiye anayesimama mlangoni saa kumi kila siku watu wamwone. Nimempima kila juma kwa miaka minne. Vidole vyangu havikuwa vimechagua kitu. Vilikuwa vimeandika mwili pekee vilioujua kwa moyo, zaidi ya ule wa kaka yangu.

"Vua," nilisema.

"Nini?"

"Vua, Ya Faradji. Tafadhali."

"Unaogopa nini? Mimi Mwislamu, nitazikwa na sanda. Koti ni ya duniani hapa." Alicheka, akapiga kofi moja, akatoka nalo mlangoni ili Josué aone.

Pikipiki ilisimama mbele yake. Tambwe alivua kofia. Alimtazama Faradji kuanzia viatu hadi nywele, polepole, jinsi ninavyomtazama mtu kabla ya kuchukua utepe wa kupimia.

"Imemukaa Papa," alisema.

"Si ndiyo? Ungekosa kuja, ningeiiba."

"Na kamba?"

"Cadette, mpe kamba yake."

Ilikuwa mkononi mwangu.

"Fundi wa mbao anaingojea," Tambwe aliniambia kwa upole. "Mbao zimekwisha kupasuliwa."

Faradji aliacha kucheka. Nilimwona akilisikia neno lile, kisha akilirudia kimoyomoyo, na mkono wake ukapanda hadi kwenye kifungo cha juu. Mimi nilikuwa nikiona fundo kubwa la mwisho likining'inia kati ya vidole vyangu. Mita moja na sentimita themanini. Nilikuwa nimeifungua mikono ya kifo kutoka shingoni mwa mtu mmoja na kuifunga shingoni mwa mwingine, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu kufunga fundo kuliko kufungua mdomo.

Pasi ya makaa ilikuwa kando yangu. Niliinua kifuniko nikaitumbukiza kamba ndani. Ilijikunja, ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya gunia, ikaisha.

Tambwe hakukasirika. Hilo ndilo linalonirudia hadi leo. Alitazama moshi hadi ukakoma, akavaa kofia.

"Hakuna shida," alisema. "Tutapima tena."

Sauti iliyotoka ilinishtua hata mimi.

"Ilikuwa kamba ya Clovis!"

Nilikuwa nimeshafika barabarani. Mwanamke aliyebeba ndizi alisimama. Josué alitokea mlangoni kwake, utepe ukiwa shingoni.

"Clovis wa Mama Mathilde! Yuko hai! Mmempima akiwa amelala, mmempima hadi kisigino! Na hapa mmekuja kutafuta koti yake!"

"Dada anaumwa," Tambwe aliwaambia watu. Lakini aliwasha pikipiki mara tatu ndipo ikakubali, na alikwenda bila koti.

Faradji alibaki katikati ya barabara. Alijaribu kufungua vifungo, vikamshinda. Josué ndiye aliyevuka. Watu hawa wawili hawakuwa wamesalimiana miaka sita. Alimfungua kimoja kimoja, akamvua koti, akalikunja ndani nje, nami nikauona uzi mwekundu wa ukosini.

Dieudonnée alirudi Jumapili.

"Mvua ilinichelewesha njiani, nilifika Alhamisi," alisema bila kuketi. "Hakuwepo. Sahani yake ilikuwa bado na chakula. Mmoja ananiambia alishika njia ya porini, anaenda Kabambare. Mwingine nilimuuliza, akainama tu."

"Na ule ujumbe?"

"Nilitaka kumwachia mpishi wa kambi. Akasema yeye alikwisha kuufikisha Jumatano usiku, kwa njia ingine, kabla mimi sijafika. Sijui ni kweli, Cadette. Sijui ni mpishi wa namna gani."

Pikipiki yake ilikuwa imefika kambini Alhamisi. Mpishi angeufikishaje ujumbe Jumatano? Labda alichanganya siku. Labda mtu mwingine alikuwa amemwonya Clovis, mtu aliyemwona Tambwe akipiga magoti. Mama amechagua kuamini hivyo. Bado anapika chakula cha watu watatu: yeye, mimi na Clovis.

Nami nimeshona koti jingine, la kahawia, rangi aliyoipenda Clovis. Sikuhitaji kamba. Nilishusha bega la kushoto vidole viwili, nikalitundika nje, mbele kabisa, mahali pa makoti mazuri kuliko yote. Kila asubuhi Faradji anapofungua boutique mkono wake unakwenda kuliweka sawa, kwa mazoea, kisha anakumbuka na kuliacha limeinama.

Pikipiki zinazotoka Kabambare hupunguza mwendo hapa kwa sababu ya shimo la barabarani. Waendeshaji hulitazama. Wengine huuliza kwa nini limeshonwa vibaya, ni la nani.

Faradji hufungua mdomo, lakini mimi humtangulia. Ninawatajia jina lote la Clovis, na la baba yetu, na bega, na shimo lililojazwa siku ile ile. Ninalitaja kwa sauti, hadi kwa Josué wasikie. Kisha ninarudi kwenye meza, nikiwa nimeweka utepe shingoni, na kuusikiliza mlango.