Asiyegongewa Meza

Katika nyumba ile ya masista, avunjaye chombo haulizwi amekivunjaje. Huviokota vipande kwa mikono yake mwenyewe, akaenda kupiga magoti mlangoni mwa chumba cha kulia wakati wenzake wanakula, akavishika mbele ya kifua pasipo kusema neno, mpaka Mama Mkuu atakapogonga meza. Meza ikigongwa, kosa limekwisha, wala halitajwi tena. Isipogongwa, hainuki. Kila novisi huijua kanuni hiyo kabla hajajua kufunga shela yake.

Sista wa kufulia, ambaye nyumba nzima ilimwita Sista Pasi, aliikumbuka kanuni hiyo kila aliponyoosha kitambaa cha meza kuu. Jubilei ilikuwa imewadia: miaka hamsini tangu wasichana watatu walipoweka nadhiri asubuhi moja, mbele ya altare moja. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili, mfupi na mwembamba hata wakamwita Kadogo, sasa ndiye aliyekuwa Mama Mkuu. Wa tatu walimwita Kicheko, naye hakuwamo tena katika nyumba ile.

Hakuwamo kwa sababu ya jagi la kioo, ukumbusho pekee wa Mama Mwanzilishi. Hazikupita siku nyingi baada ya nadhiri, watatu hao wakiosha vyombo pamoja, jagi likamponyoka Kadogo. Alianza kulia, kwa maana alikuwa yatima, hana kwao pa kurudishwa. Kicheko akainama, akaviokota vipande.

"Nyamaza, wewe," akamwambia. "Mimi nina mama wa kunipokea."

Akaenda kupiga magoti. Mama Mkuu wa wakati ule alikula, akafuta mdomo, akaondoka asigonge meza. Kicheko alikaa pale mpaka chakula cha jioni. Alipoona meza haikugongwa tena, aliviweka vipande chini, akainuka mwenyewe. Kesho yake akarudishwa kwao kwa kosa la uasi. Kadogo alifunga mdomo. Sista Pasi naye aliufunga wake, kwa kuwa kanuni haikumruhusu mtu kumsemea mwenzake. Na tangu siku ile kanuni hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sherehe ilipokaribia, alipiga moyo konde, akaenda kwa Mama Mkuu, aliyekuwa akichagua maua ya kikanisa.

"Mama, naomba kiti cha tatu meza kuu."

"Cha nani?"

"Unamjua."

Mama Mkuu alikata shina la ua kwa mkasi. "Jubilei ni ya waliodumu, Sista. Yeye aliinuka kabla hajagongewa."

"Aliyestahili kupiga magoti pale—"

"Sista." Sauti haikupanda hata kidogo. "Akija kwenye Misa, karibu. Chakula atapewa nje, pamoja na madereva na wapiga ngoma. Hatumnyimi mtu chakula."

"Kadogo, tafadhali."

"Huyo Kadogo alikwisha kufa," alisema Mama Mkuu, akiokota jani lililoanguka. "Nenda katazame pasi yako, isije ikaunguza kitambaa."

Siku ya siku Kicheko alifika, mshonaji mzee, mgongo umepinda kwa kuinamia cherehani. Sista Pasi alimkuta kwenye benchi chini ya turubai.

"Lo! Bado unanuka makaa!" Kicheko akamwambia, akimkumbatia.

"Na wewe bado una mdomo."

"Mdomo ndio uliobaki. Meno yalikwisha kuniaga."

"Mwenzangu, nilikuombea kiti, nikashindwa."

"Kiti cha nini? Makalio haya yamezoea ubao." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Ila nikuambie kweli. Hata leo nikipiga magoti kusali, najikuta pale mlangoni. Nimezaa, nimezika mume, nimelea wajukuu, na bado nasubiri meza ile igongwe. Ningependa kuisikia kabla sijafa."

Sista Pasi alimfunga vizuri kilemba chake, kama walivyofungana shela zamani, akaingia ndani.

Chumba cha kulia kilijaa. Askofu alimaliza hotuba, kisha akafunua zawadi: sahani kubwa ya kaure, yenye sura ya Mama Mwanzilishi katikati, na majina ya wanajubilei pembeni kwa maandishi ya dhahabu. Yalikuwa majina mawili. Sista Pasi aliitwa aipokee. Aliyasoma majina yale. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Kicheko ameipakata sahani yake ya bati mapajani. Basi akaifungua mikono.

Sahani ilipasuka sakafuni.

"Masikini, uzee huo!" mgeni mmoja alisema. Novisi akaja mbio na ufagio, lakini Sista Pasi alimzuia. Aliviokota vipande mwenyewe, akavipeleka mpaka mlangoni, akapiga magoti.

"Ni nini hiki?" aliuliza Askofu.

"Ni desturi yetu ya unyenyekevu, Baba Askofu," alijibu novisi kwa majivuno.

"Mfano mzuri ulioje!" Askofu akapiga makofi. Wageni nao wakapiga, na simu zikainuliwa kupiga picha. Sista Pasi alitamani ardhi immeze. Kipande kimoja kilikuwa kimemkata kidole gumba, damu ikateremka mpaka kwenye mkono wa nguo aliounyoosha mwenyewe alfajiri. Naye Mama Mkuu akatoa tabasamu la kuwaridhisha wageni, akauinua mkono agonge upesi, kama mtu anayefukuza inzi.

"Usinigongee mimi, Mama," alisema Sista Pasi. Hakuna aliyewahi kusema neno akiwa mlangoni pale. "Mimi sahani nimeivunja kweli. Mgongee aliyekushikia vipande vya jagi ulilolivunja wewe."

Makofi yalikatika. Mkono wa Mama Mkuu ulibaki hewani. Nyuma ya Sista Pasi nyayo zilisikika, kisha pumzi nzito ya mtu anayejishusha chini kwa shida.

"Sogea kidogo," alisema Kicheko. "Mlango huu naujua."

Akachukua nusu ya vipande, akavishika mbele ya kifua. Askofu aliweka uma chini, akamgeukia Mama Mkuu, akamtazama. Wote walimtazama. Chakula kilipoa. Hatimaye mkono ule ulishuka, ukagonga meza kwa vifundo viwili, polepole, na hapana aliyekosa kusikia.

Kicheko alifumba macho.

"Umechelewa, Kadogo," alisema. "Lakini nimesikia."

Mama Mkuu hakumtazama. "Tuendelee na chakula," aliwaambia wageni.

Vikongwe wawili waliinuana kwa kushikana makwapa, wakaviacha vipande kizingitini, wakaenda kuketi kwenye benchi la madereva. Kiti cha Sista Pasi kilibaki kitupu mpaka keki ilipokatwa, na aliyeikata alikuwa mmoja. Kosa la jagi lilikuwa limekwisha, na kwa mujibu wa kanuni halikutajwa tena katika nyumba ile.