Gari Linaloogopa Maghrib

Kwa miaka kumi na moja nimebeba mabibi harusi wa watu katika gari langu. Wengine walilia njia nzima, mmoja alitapika kwenye shela lake, na mwingine alinitaka nimrudishe kwao tulipofika Kawempe, nikamwambia hilo hatukupatana. Basi binti yangu Husnah alipochumbiwa na Nasif, kijana wa Bombo, kule nje ya Kampala, sikumuuliza mtu nani atambeba. Ningemuuliza nani? Mimi ndiye Fadhul wa gari la kukodi, Bukoto nzima wananijua.

Kuna jambo moja mlijue kwanza. Katika ukoo wetu, sisi Wanubi wa Bukoto, baba hafuatani na binti yake siku anapopelekwa kwa mume. Nikahi ikishafungwa, baba anabaki nyumbani na wazee wenzake, wanakunywa chai na kujifanya wana furaha. Wanaokwenda ni shangazi zake, wanawake wa ngoma, na dereva. Mimi niliamua kwenda kama dereva. Dereva ni dereva, nani atamfukuza? Lakini bila gari lile ningebaki mkekani na wazee, na mwanangu wa pekee angeondoka huku nashikilia kikombe. Hilo nilikataa.

Tatizo lilikuwa taa. Taa kubwa za mbele zilianza kujizima zenyewe, zote mbili kwa pamoja, bila hata kuaga. Mara ya kwanza ilinikuta jioni pale karibu na soko, nikaingia ukuta wa Abwola muuza mkaa. Niliingia polepole, lakini niliingia. Haukupita mwezi tukasikia kwenye redio kwamba waliotengeneza gari wamekiri kosa ni lao, magari yote ya aina ile yapelekwe kwa wakala yakatengenezwe bure. Neno hilo bure ndilo nililopaswa kuliogopa.

Wakala yuko Nakawa, katika jengo la vioo lenye kiyoyozi cha kukutoa mafua. Mapokezi anakaa Vera, dada wa Kikenya mwenye Kiswahili kizuri sana. Hata akikunyima kitu unajikuta unamshukuru. Aliingiza namba ya gari langu, akakunja uso.

"Mzee Fadhul, kompyuta inasema gari hili liko Japani."

"Nimekuja nalo. Liko hapo nje, limezuia lori lenu."

"Mimi naliona, mzee. Kompyuta ndiyo haijaliona. Liliuzwa kule, wewe ukalinunua likiwa limeshatumika. Niletee karatasi ya kuonyesha kwamba sasa linakaa hapa."

Sasa, mtu wa Kampala akiambiwa alete karatasi ya kuonyesha anakaa wapi, hana haja ya kuuliza. Ukitaka kufungua akaunti, ukitaka kuoa, ukitaka kumtoa ndugu yako polisi, unakwenda kwa mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, akuandikie barua. Kadi ya gari nilikuwa nayo mfukoni, imekunjwa na leseni, na wallahi haikunijia kichwani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wetu, Mama Docus. Naye hakushangaa hata kidogo. Alivaa miwani, akaniuliza gari limekaa hapa miaka mingapi, akaandika:

"Kwa yeyote anayehusika. Mwenye barua hii ni gari jeupe, ninalifahamu kwa miaka kumi na moja. Ni mkazi mwema wa mtaa wangu. Halijawahi kugombana na mtu isipokuwa ukuta wa Abwola, na hilo tulisuluhisha. Naomba lisaidiwe."

Akagonga muhuri, akapuliza wino ukauka.

Vera aliisoma barua, akanigeuzia mgongo, nikaona mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alipogeuka alikuwa anafuta macho, akasema muhuri ni muhuri, ataituma huko juu waamue wenyewe. Baada ya wiki tatu majibu yakarudi kutoka ng'ambo: gari limekubaliwa kuwa liko Uganda. Wiki tatu tu. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa hapa, kitambulisho changu nilikingoja miaka miwili.

"Bado kifaa cha taa tu," Vera akasema. "Kiko njiani."

Hapo ndipo nilipoanza kupigwa danadana. Nikipiga simu, kiko njiani. Mwezi wa pili kilikuwa Mombasa. Mwezi wa nne kilikuwa Malaba, kimekaa mpakani, sijui kilikuwa kinanunua ndizi. Mwezi wa saba kilifika stoo ya Nakawa lakini hakijaingia kwenye kompyuta. Mwezi wa nane ikaonekana kile cha stoo kilikuwa cha gari jingine, changu bado kiko njiani. Nikamwambia Vera njia hiyo inaanzia peponi nini? Akasema, "Pole sana, mzee," kwa sauti tamu, nami nikajibu asante. Nilipokata simu nilijitukana.

Nilijaribu na fundi Obonyo wa Kamwokya. Alichomoa nyaya, akaunganisha hizi na zile, akaniambia jaribu. Nikawasha taa, zikawaka vizuri kabisa. Honi nayo ikalia, na haikunyamaza mpaka nilipozima taa. Obonyo akasema angalau sasa watu watajua ninakuja. Nilimwambia arudishe kila waya mahali pake kabla sijasahau kwamba mimi ni mtu mzima.

Basi gari likawa la mchana tu. Saa kumi na mbili jioni liko nyumbani, mteja hata alie. Shemeji yangu Abdul-Karim, kaka yake mke wangu, ndiye aliyenimaliza. Ana gari jipya, taa zake zikiwaka mtu anaweza kuchambua mchele Entebbe. Alisema mbele ya wazee, meno yote nje, "Gari la Fadhul limelelewa vizuri. Adhana ya Maghrib haijawahi kulikuta nje." Wazee wakacheka. Halafu akaniwekea mkono begani. "Usihangaike, shemeji. Husnah nitambeba mimi. Wewe pumzika na wazee."

Nilikwenda kukaa ndani ya gari, nikafunga vioo, roho inaniuma kweli kweli.

Siku ya hina nilimweleza Husnah mambo yalivyo. Tukitoka mapema, nitampeleka mimi. Jua likitushika njiani, taa zikizima kwenye mteremko wa Matugga, naweza kuwamaliza wote, kwa hiyo siwezi kujaribu. Na harusi zetu anazijua. Tukisema saa nane, maana yake ni saa nane mtu aanze kutafuta pasi. Msafara hutoka baada ya Maghrib tangu enzi za babu zetu.

Husnah alikuwa amenyoosha mikono hina ikauke. Alinitazama, akasema, "Sawa, Baba." Basi. Nikaona ameshakata tamaa.

Siku ya harusi, nikahi ilifungwa adhuhuri. Nilikuwa uani naosha gari kwa kujifariji tu, saa nane haijafika, nikamwona dada yangu Kaltumi anatoka ndani amevaa, amejifukiza, mkoba mkononi. Niliacha kitambaa kikaanguka. Kaltumi hajawahi kuwahi popote. Hata mazishi ya mumewe tulimngoja. Nyuma yake shangazi wengine wanne, na wanawake wa ngoma, wote tayari, wote wamekasirika.

"Kaltumi, kuna nini?"

"Washa gari," akasema. "Yule Sumayiya, shangazi yake Nasif, amesema sisi wa Bukoto hatuwezi kufika Bombo kabla ya Maghrib hata tukisukumwa kutoka nyuma. Leo atatujua."

Wakamtoa Husnah hina mguu mmoja bado haijabanduliwa. Abdul-Karim alikuwa bado bafuni, tukamsikia anauliza mbona kimya. Nilishika usukani kabla mtu hajakumbuka kwamba mimi ni baba.

Saa kumi kasoro robo tuliingia Bombo, jua kali, ngoma inapigwa. Hakuna aliyekuwa tayari kutupokea. Nasif alikuwa amevaa fulana ya ndani, anabeba viti. Sufuria ya pilau haijawekwa motoni. Sumayiya mwenyewe alitoka jikoni nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama, mikono ina unga.

Kaltumi alikuwa ameshuka kabla gari halijasimama. "Ulisema hatuwezi kufika kabla ya Maghrib?"

"Nilisema nini?" Sumayiya akauliza. "Na nani? Mimi nawe tangu mahari hatujaongea."

Wakatazamana. Nami nikainua macho kwenye kioo cha ndani. Huko nyuma, chini ya shela, binti yangu alikuwa anacheka mpaka bangili zinalia. Ndipo nikaelewa nani aliyetunga maneno ya Sumayiya, na kwa nini. Nikashuka nikamfungulia mlango kama ninavyowafungulia wote.

"Asante, dereva," akasema, akanibana mkono.

Hesabu yangu ilikuwa imeishia hapo. Kufika nilipanga, kurudi sikupanga. Pilau iliiva jioni, ukarimu wa Bombo haukimbiwi, na nilipoinua kichwa kutoka kwenye sahani adhana ya Maghrib ilikuwa inaadhiniwa. Abdul-Karim, aliyefika saa moja baada yetu akiwa na watu wawili na keki, aliwachukua shangazi wote. Aliniambia nimfuate nyuma, ataniangazia. Nilimwambia heri nihamie Bombo.

Baba wa bibi harusi kulala kwa wakwe usiku wa kwanza ni aibu ambayo wajukuu wataizungumza. Nasif alitoka mara mbili, anainama, "Baba, karibu ndani." Nikamwambia baba yake Husnah yuko Bukoto na wazee wenzake. Aliye hapa ni dereva, na dereva hulala garini. Nikainamisha kiti, nikalala nje ya lango na viatu vyangu.

Asubuhi kioo kiligongwa. Nilidhani ni polisi. Ilikuwa Husnah, amejifunga kanga, kikombe cha chai kimoja kwenye sinia. Nyumba nzima bado wamelala, mume hajaamka, na chai ya kwanza aliyopika kwake ilikuwa imekuja kwangu.

"Ya dereva," akasema. Halafu akakaa kiti cha mbele, kando yangu, akajilaza begani kama alipokuwa mdogo ninampeleka shule. Nililia, siwafichi. Alijifanya anatazama nje.

Simu ikaita. Vera.

"Mzee Fadhul, habari njema. Kifaa kimefika, nimekishika mkononi. Lakini ulete gari kabla ya saa tatu, la sivyo fundi atampa mwenye gari jingine. Uko wapi?"

Nilitazama kikombe. Kilikuwa bado nusu.

"Niko njiani," nikamwambia, na nikampa Husnah kikombe aniongezee.